Kabla ya Kung'olewa Gego la Mwisho

Alhamisi saa tatu asubuhi nitang'olewa gego la mwisho, la chini kushoto. Naandika nikiwa bado naogopa, na nimetaka iwe hivyo. Karibu kila mtu niliyewahi kumsikia akizungumzia kung'olewa jino alizungumza mambo yakiwa yamekwisha: ama anasema "mbona kitu kidogo tu," ama anakitia chumvi kisa chake mpaka wasikilizaji wanashika mashavu. Zile siku za kungojea, ambazo mtu analala akiliwaza jino na kuamka akiliwaza, hazisimuliwi. Humo ndimo nilimo sasa hivi.

Mchana nina nafuu. Nafundisha, nasahihisha madaftari, nakimbizana na watoto wa kidato cha pili, na ni ulimi tu unaonirudisha kule nyuma kulipapasa. Jioni ndiyo taabu. Jirani yetu ni fundi wa kuchomelea mageti, na ile mashine yake ya kusagia chuma ikianza kulia, tumbo linapata joto na viganja vinaloa jasho. Nimehamisha kiti changu cha kusomea kutoka chumba cha mbele kwa sababu hiyo. Usiku nikifumba macho naona taa kubwa juu ya uso wangu na mikono yenye glavu ikija.

Ushauri ninaopewa ni mmoja: jikaze. Kaka yangu kaniambia nijikaze kisabuni. Mama naye, kwa upendo kabisa, alinipigia simu akasema, "Mwanangu, watoto wawili umewazaa, leo jino ndilo likutishe?" Sikumjibu, yeye ni mama, lakini maneno yale nimekaa nayo. Uchungu wa kuzaa ulinijia wenyewe, haukuningoja nikubali. Hapa natakiwa niamke, nioge, niende kwa miguu yangu, nilale chali na kupanua mdomo, halafu nitulie wakati mtu anafanya kazi nisiyoiona. Na mdomo ambao ningeutumia kusema "ngoja kidogo" ndio huohuo anaoufanyia kazi. Naamini hili la mwisho linatisha watu wengi kuliko maumivu yenyewe. Mtu mzima aliyezoea kujiamulia mambo yake ananyang'anywa sauti.

Na woga huu sikuuokota barabarani. Nikiwa darasa la tatu niling'olewa gego bovu katika kituo kimoja cha afya. Nilipigwa sindano, na kabla sijamaliza kulia kwa ajili ya sindano koleo lilikuwa limeshaingia mdomoni. Nilisikia kila kitu. Nilipopiga kelele, watu wazima wakanishika mikono na miguu, na aliyekuwa akining'oa akasema mtoto huyu mkaidi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa miaka mingi baada ya siku ile niliamini kwamba mimi ni miongoni mwa watu ambao ganzi haiwashiki. Wapo wengi wanaoamini hivyo juu ya miili yao, na kwa ajili yao nataka nikae kidogo kwenye habari ya ganzi, maana nilipoanza kuielewa ndipo kitu kilipoanza kulegea kifuani mwangu.

Dawa inayotumika zaidi ni lidokeini. Iligunduliwa Sweden mwaka 1943 na mkemia Nils Löfgren, na mwenzake kijana, Bengt Lundqvist, akajidunga mwenyewe ili kuijaribu. Ikaanza kuuzwa mwaka 1948. Kazi yake ni kuziba vijia vidogo ambavyo sodiamu hupitia kuingia kwenye mshipa wa fahamu. Sodiamu isipoingia, habari ya maumivu haisafiri. Jino linaguswa lakini ubongo haupati taarifa. Kwenye taya la juu mfupa ni mwembamba na una vitundu vingi, kwa hiyo dawa ikidungwa kando ya jino inapenya haraka. Taya la chini kwa nyuma lina mfupa mzito. Huko daktari hulazimika kuufuata mshipa mkubwa pale unapoingilia ndani ya taya, nyuma kabisa ya mdomo, na kuumwagia dawa karibu yake. Akiupata, nusu ya mdomo wa chini na nusu ya kidevu hufa ganzi, na mara nyingi nusu ya ulimi pia. Hilo huchukua dakika kadhaa, wakati mwingine kumi au zaidi. Miili hutofautiana: mshipa wa mmoja umekaa juu kidogo, wa mwingine chini. Sindano ya kwanza ikiukosa, inapigwa ya pili.

Kwa hiyo mtoto wa darasa la tatu aliyepigwa sindano na kung'olewa papo hapo hakuwa na mwili wa ajabu wala ukaidi. Hakuna aliyengoja.

Jambo jingine nililoambiwa na daktari, ambalo natamani lingebandikwa kwenye kila zahanati, ni habari ya usaha. Sehemu yenye maambukizi makali huwa na asidi nyingi kuliko kawaida, na katika asidi ile lidokeini hushindwa kupenya vizuri kuingia kwenye mshipa. Mtu anayekwenda kung'oa shavu likiwa limevimba, jino likipwita, anaweza kudungwa sindano tatu na bado akasikia maumivu. Sasa fikiria sisi huwa tunakwenda lini. Jino likianza kuuma tunatafuna karafuu, tunasukutua maji ya chumvi, tunameza vidonge vya dukani, na likitulia tunasema limepona. Tunasubiri miezi, pengine miaka, kwa sababu tunaogopa. Tunakwenda siku ambayo hatujalala kabisa, na siku hiyo ndiyo ambayo ganzi ina nguvu ndogo kuliko siku zote. Tunaumia kweli. Tunarudi nyumbani kuwasimulia wadogo zetu jinsi tulivyoumia, nao wakipata jino bovu wanachelewa vilevile.

Nikivipitia visa vya kutisha nilivyokua navyo, karibu vyote vinapita njia hiyo. Jirani mmoja wa shangazi yangu, watu husema alikufa kwa kung'olewa jino. Nilimwuliza shangazi vizuri mwezi uliopita, nikamwomba anisimulie tangu mwanzo. Kumbe yule baba alikuwa amevimba mpaka chini ya kidevu, hawezi kumeza mate na anaongea kwa shida, siku kadhaa kabla hajafika hospitali. Sina cheti chake cha kifo na sitajifanya najua alikufa kwa nini. Lakini madaktari wanaujua vizuri uvimbe wa namna hiyo. Ulielezwa na daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, mwaka 1836, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Mara nyingi huanzia kwenye magego ya chini, maambukizi yakashuka chini ya ulimi na shingoni, uvimbe ukaziba njia ya hewa. Hiyo ni dharura, ya kukimbizwa hospitali usiku uleule bila kungoja pakuche. Mtu akifika kwa kuchelewa, aking'olewa jino na kufariki, mtaani itasemwa jino lililong'olewa ndilo lililomuua.

Na lile la macho? Nimeambiwa tangu utotoni kwamba uking'olewa jino la juu utaharibika macho. Mshipa unaoleta picha kutoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo ni mmoja, na unaopeleka maumivu ya meno ni mwingine kabisa. Kung'oa jino hakugusi kuona. Langu ni la chini, hata hivyo naliandika kwa sababu binamu yangu anaishi na gego la juu lililooza nusu na hilo ndilo jibu analonipa kila nikimwambia aende.

Sasa jino lenyewe. Magego ya mwisho huota kwa wengi kati ya miaka 17 na 25, taya likiwa limeshamaliza kukua, na kama nafasi imebaki kidogo jino hutafuta pa kutokea na lisipate. La kwangu limelala mbele, kichwa kimeegemea gego lililo jirani yake. Nusu yake imefunikwa na kipande cha fizi, na chini ya kipande kile chakula hunasa mswaki usipofika. Wakati wa mitihani ya muhula uliopita fizi ile ilivimba, nikawa siwezi kufungua mdomo zaidi ya upana wa vidole viwili. Kusimamia mtihani bila kuweza kuongea ni kazi. Daktari wa hapa Morogoro alinisafisha, akanipa dawa za antibiotiki, uvimbe ukaisha, kisha akanipiga ile picha kubwa ya eksirei inayoonyesha taya zima kutoka sikio hadi sikio.

Picha ile ndiyo iliyonizidishia hofu kwanza, kabla haijaipunguza. Alinionyesha mistari miwili hafifu inayopita ndani ya mfupa chini ya meno. Katikati ya mistari ile ndimo unamopita mshipa uleule unaotiwa ganzi, unaoleta hisia za mdomo wa chini na kidevu. Mizizi ya gego langu imeshuka karibu nao sana. Akaniambia waziwazi kwamba wakati wa kung'oa mshipa unaweza kusumbuliwa, na kwamba kuna mwingine wa ulimi unaopita upande wa ndani. Akaniandikia barua ya kwenda kwa daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa Dar es Salaam.

Mimi naimba kwaya, sauti ya pili, tangu nikiwa msichana. Watu wengine wataliona hilo kama jambo dogo. Kwangu mimi, kufikiria mdomo usiojihisi, herufi zinazotoka zikiwa zimelegea, ulimi usiojua upo wapi, ni kufikiria kuondolewa mahali pangu pa Jumapili. Nilitoka pale nikiwa na barua mkononi na nikakaa nayo nyumbani bila kumpigia simu mtu yeyote.

Kilichonisogeza ni daktari wa Dar es Salaam mwenyewe. Ni mzee, anazungumza polepole. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza kazi yangu, na tangu hapo akawa ananiita mwalimu. Aliangalia picha, kisha badala ya kuanza kunieleza atakavyofanya akaniuliza, "Mwalimu, unaogopa nini hasa?" Sijawahi kuulizwa hivyo. Nilisema yote: darasa la tatu, mashine, sindano, mdomo kufa ganzi moja kwa moja, kwaya. Hakucheka, wala hakuniambia nisiogope.

Akayachukua moja moja. Kuhusu mshipa alisema mdomo kubaki na ganzi baada ya upasuaji hutokea kwa watu wachache, na kwa wengi wao hisia hurudi zenyewe baada ya wiki au miezi. Ganzi ya kudumu ni chini ya mtu mmoja kati ya mia. Akasema kwa kuwa mizizi yangu imekaa karibu, atanipiga picha nyingine inayoonyesha pande zote ili aone mshipa umepita wapi hasa, na kama umegusana kabisa na mizizi kuna njia ya kukata kichwa cha jino na kuiacha mizizi mahali pake, ikae humohumo kwenye mfupa. Sikujua kwamba jambo hilo linawezekana. Nilidhani jino ama linatoka lote, ama linabaki lote.

Nilimwuliza pia kwa nini asiyatoe na mengine matatu siku hiyohiyo, maana nilikuwa nimejiambia kwamba kama ni kuogopa, basi niogope mara moja. Alikataa. Mengine yametulia na hayana tatizo. Uingereza walitoa mwongozo tangu mwaka 2000 kwamba magego ya mwisho yaliyozuiliwa lakini yasiyo na ugonjwa yasing'olewe kwa ajili ya kujikinga tu, na yeye anafuata msimamo huo. Nikamwamini zaidi kwa kunikatalia. Mtu anayekataa kazi ambayo angelipwa anastahili kusikilizwa akisema kazi fulani ni ya lazima.

Kisha alinipa karatasi yenye maswali matano. Ni dodoso linalotumika katika nchi nyingi kupima woga wa matibabu ya meno. Asili yake ni kazi ya Norman Corah wa Marekani, mwaka 1969, na hili la maswali matano lilitayarishwa Uingereza na kina Gerry Humphris mwaka 1995. Linauliza utajisikiaje kama kesho una miadi ya meno, ukiwa umekaa unangoja zamu, ukiwa karibu kuchongwa jino, ukisafishwa meno, na ukipigwa sindano ya ganzi kwenye fizi. Kila jibu lina alama 1 hadi 5. Anayefika 19 na kuendelea anahesabiwa kuwa na woga mkubwa. Mimi nilizidi. Sikutegemea kwamba kuiona namba ile kungenifariji, lakini kulinifariji. Kumbe kitu hiki kimepimwa, kina watu wake wanaokitafiti, na daktari anayekijua anaweza kupanga kazi yake kwa kukizingatia: ananiita wa kwanza asubuhi ili nisikae barazani nikisikiliza mashine, ananiongezea muda wa kungoja ganzi, na kama nitataka kuna dawa ya kutuliza ya kumeza kabla, mradi nisirudi peke yangu.

Tulikubaliana ishara. Nikiinua mkono wa kushoto, anasimama. Hamalizii kwanza, hasemi "bado kidogo," anasimama hapohapo na kuondoa chuma mdomoni. Nimeiwaza ishara hii kuliko maelezo yote aliyonipa. Inanirudishia ile "ngoja kidogo" niliyodhani nimenyang'anywa. Na inanifanya nimfikirie yule mtoto aliyeshikwa mikono, ambaye mikono yake ingetosha kabisa kusema kwamba ganzi haijashika.

Ananiambia pia jambo ambalo ningelijua mapema lingeniokoa na hofu nyingi: kwenye dawa ya ganzi huwa kuna adrenalini kidogo, inayobana mishipa ya damu ili dawa isiondoke haraka na damu isitoke nyingi. Adrenalini ile inaweza kuufanya moyo udunde kwa nguvu kwa dakika chache baada ya sindano. Mtu asiyejua anaweza kudhani anakufa. Anayejua anahesabu pumzi, na mdundo ule unapita. Anayeumwa moyo au presha aseme kabla, ili kiasi kipangwe.

Na kuna mkandamizo. Lidokeini huzima maumivu lakini hisia ya kusukumwa na kuvutwa hubaki, kwa kuwa hupita kwenye nyuzi nene zaidi za mshipa. Nitasikia taya likisukumwa. Nitasikia mlio wa jino likikatwa, na utakuwa mkubwa kwa kuwa mfupa unaupeleka moja kwa moja sikioni. Jino lililolala haling'olewi kwa nguvu za mkono: daktari anapasua fizi kidogo, anaondoa mfupa unaolifunika huku maji yakimwagwa kupoza, analikata vipande viwili au vitatu, na kila kipande kinatoka chenyewe. Kisha anashona. Nilimwuliza kama kukata vipande si kuumiza zaidi. Akasema ni kinyume chake, vipande vidogo vinahitaji tundu dogo na nguvu kidogo. Picha iliyokuwa kichwani mwangu, ya mtu ameweka goti kifuani pangu akivuta, haimo kabisa katika kazi hii.

Nimesoma kwamba mwaka 1844, kule Hartford, Marekani, daktari wa meno Horace Wells aliona katika onyesho la usiku mtu aliyevuta hewa ya kuchekesha akijigonga mguu hadi kuumia bila kuhisi. Kesho yake, tarehe 11 Desemba, Wells akaivuta mwenyewe na kumwomba mwenzake, John Riggs, amng'oe gego. Hakusikia maumivu. Karibu miaka miwili baadaye, Oktoba 1846, daktari mwingine wa meno, William Morton, akaonyesha etha, dawa ya usingizi ya kuvuta, mjini Boston mbele ya wapasuaji, na dunia ikabadilika. Nalirudia hili mara nyingi siku hizi. Watu wa meno ndio waliotangulia kuonyesha kwamba mgonjwa anaweza kukatwa bila kuteseka, na walifika huko kwa kuwa walikuwa wakiishi na vilio vya wagonjwa wao kila siku.

Maandalizi yananisaidia kuliko kusali peke yake, ingawa na kusali nasali. Jumatano jioni nitapanda treni ya SGR hadi Dar es Salaam nilale kwa dada yangu Kimara, na yeye ndiye atakayenisindikiza asubuhi. Nimeuliza gharama zote kabla, picha, upasuaji, dawa na siku ya kurudi, kwa sababu sikutaka kushtukizwa nikiwa na shashi mdomoni. Nitakula vizuri kabla ya kwenda, kwa kuwa ni ganzi ya mdomoni na silazwi usingizi. Daktari mwenyewe ndiye aliyeniambia nisije na njaa. Dada ameshauliza nitakula nini baada ya hapo na amejibu mwenyewe: mtori, uji usio wa moto, mtindi, parachichi, viazi vya kupondwa. Ameniahidi mtori wa kweli, wa nyama iliyosagika.

Siku mbili tatu za kwanza ndizo uvimbe hupanda, halafu hushuka. Nimeambiwa niume shashi kwa nusu saa hivi, nisisukutue siku ya kwanza, nisiteme mate kwa nguvu, nisinywe kwa mrija, kwa sababu donge la damu linaloziba tundu ndilo linaloponya, na likinyonywa likatoka mfupa unabaki wazi. Wanaoupata huo mfupa wazi husema ni maumivu makali, na huanza kama siku ya tatu, wakati mtu alidhani amevuka. Hutokea zaidi kwa magego ya chini na kwa wanaovuta sigara. Lakini linatibika: daktari husafisha tundu na kuweka dawa, mara nyingi yenye eujenoli, ambayo ndiyo kiini cha mafuta ya karafuu. Bibi yangu mzaa baba ni wa Wete, Pemba, na kwake karafuu ilikuwa dawa ya jino kabla sijajua kusoma. Nimefurahi sana kuikuta kazi ya Pemba kwenye tundu la jino hospitalini. Daktari ameonya tu kwamba mafuta yenyewe makali yasimiminwe kwenye fizi, yanaunguza.

Kwa maumivu ameniandikia ibuprofeni na parasetamoli, nianze kabla ganzi haijaisha. Nilidhani ni dawa ndogo mno kwa upasuaji. Kumbe zimepimwa hasa kwenye jino hili: mapitio makubwa ya utafiti yaliyotolewa mwaka 2013 na Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, yalikuta ibuprofeni miligramu 400 inashinda parasetamoli miligramu 1000 baada ya kung'oa gego la mwisho la chini. Mwenye vidonda vya tumbo au pumu amweleze daktari kwanza.

Hayo yote nayajua, na bado jana usiku niliamka saa nane moyo ukinidunda. Kujua hakujaumaliza woga. Umebadilika tu: mwanzo nilikuwa naogopa kila kitu kwa pamoja, sasa naogopa mambo mawili, mlio wa mashine na ule mshipa. La mshipa picha ya pili itasema. La mlio, dada ananiazima visikizio vyake vya masikioni, na daktari amekubali niwe na wimbo katika sikio moja, lile la kulia, ili la kushoto libaki kumsikia yeye.

Mwalimu wa kwaya nimempigia leo kumwambia sitakuwepo Jumapili hii na inayofuata. Akaniuliza kama naogopa. Nikamwambia ndiyo, naogopa sana, na daktari anajua. Akaniambia na yeye ana gego linalomsumbua tangu mwaka juzi, akaomba nimtumie namba ya hospitali.